Maji ya Mawese, Mafuta ya Chipsi na Maganda ya Ndizi: Taka Ipi Inatoa Nishati Ipi?

Mabishano yalianzia kwenye kijiwe cha kahawa, Ujiji, baada ya swala ya alasiri. Kijana mmoja wa bodaboda alisema amesoma kwenye simu kwamba kuna ndege imeruka kutoka London hadi New York kwa mafuta yaliyokaangia chipsi. Mwenzake akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Wa tatu akadai hayo si mafuta ya chipsi, ni maganda ya ndizi, tena ana mjomba wake Kasulu anapikia gesi ya maganda hayo. Wa nne akamkatiza: gesi ni ile ya mtungi, hiyo ya maganda inaitwa mkaa mbadala. Ikawa kila mmoja anasema lake na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Pembeni alikaa mzee mwenye kinu cha kukamua mawese kule Simbo. Alipopata upenyo akauliza kwa sauti ya chini: "Sasa wanangu, haya maji machafu yanayobaki nikishaengua mawese, yale ninayoyamwaga shimoni, na yenyewe ni petroli?"

Watu wakacheka tena. Mimi swali lile nilikwenda nalo nyumbani, kwa sababu kati ya wote waliosema pale, mzee ndiye aliyekuwa karibu zaidi na jibu lenye faida kwetu Kigoma. Wengine hawakukosea. Walichanganya tu vitu vinne tofauti wakavipa jina moja.

Mkanganyiko huu hauko Ujiji peke yake. Tangu serikali izindue Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034, na tangu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zitakiwe kuachana na kuni na mkaa, maneno kama bayogesi, ethanoli na mkaa mbadala yameingia redioni kila siku. Yanatajwa kwa pamoja, haraka haraka, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Basi tuyatenganishe.

Tuanze na nishati jadidifu. Hii ni nishati ambayo chanzo chake hurudi tena ndani ya muda wa maisha ya mwanadamu. Mgomba ukikatwa leo, chipukizi lake litazaa msimu mwingine. Hewa ya kaboni inayotoka ukichoma kitu kilichotokana na mgomba huo ilikuwa angani mwaka jana tu, mgomba ukaivuta, sasa inarudi ilikotoka. Dizeli ni habari nyingine: kaboni yake ilizikwa ardhini mamilioni ya miaka, na ukiichoma unaongeza angani kitu ambacho hakikuwepo. Kwa hiyo hata mkaa mbadala unaotengenezwa kwa makaa ya mawe, kama ule wa STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, unaweza kuokoa miti yetu, na hilo ni jambo jema, lakini si nishati jadidifu. Makaa ya mawe hayachipui.

Na taka ya chakula ni nini? Ni kile kilichobaki baada ya mtu kula, kupika, kukamua, kuchuja au kumenya, ambacho hakuna tena anayekitaka. Maneno "hakuna anayekitaka" ndiyo mazito hapo. Ukoko wa ugali unaopewa kuku si taka, ni chakula cha kuku. Mashudu ya mise, yaani kokwa za chikichi, yanayonunuliwa na mfuga nguruwe si taka, ni bidhaa. Maganda ya muhogo yaliyoanikwa yakakauka vizuri huliwa na mbuzi. Mtu akija na mradi wa kugeuza vitu hivyo kuwa nishati, muulize kwanza mbuzi watakula nini. Kitu chenye mlaji kimwachie mlaji wake.

Nguvu iliyomo ndani ya mabaki ni ileile iliyomo ndani ya chakula. Sahani ya ugali na migebuka inampa mvuvi nguvu ya kukaa ziwani usiku kucha. Nguvu hiyo haipotei kwa sababu ugali umelala, umechacha na kutupwa jalalani. Kazi iliyobaki ni kuitoa, na hapo ndipo njia zinapogawanyika.

Uliza maji kwanza

Ningepewa nafasi ya kumfundisha mtu swali moja tu kuhusu jambo hili, ningemfundisha kuuliza: hii taka ina maji kiasi gani?

Chukua nyanya iliyooza uitupe motoni. Itachemka, itatoa mvuke, na moto utafifia, kwa sababu moto unapoteza nguvu yake kukausha maji kabla haujapata cha kuunguza. Sasa chukua ganda gumu la mise uliweke kwenye jiko hilohilo. Linashika moto na kutoa joto kali. Vyote viwili ni mabaki ya chakula, lakini njia zake haziwezi kuwa moja. Kikavu huchomwa. Chenye maji huozeshwa. Katikati wapo wawili wa pekee: chenye mafuta na chenye sukari, maana hivyo vinaweza kugeuzwa kuwa nishati ya majimaji.

Njia ya kikavu ndiyo rahisi kuelewa, kwa hiyo sitaikalia sana. Maganda magumu ya mise, nyuzi za chikichi zilizokamuliwa, pumba za mpunga: haya unaweza kuyachoma yalivyo, au kuyaunguza kwenye pipa lenye hewa kidogo hadi yawe makaa, kuyasaga, kuyachanganya na uji wa muhogo ili yashikane, kisha kuyabana na kuyaanika. Huo ndio mkaa mbadala wa mabaki. Wenye vinu vya mawese wameifanya njia hii miaka mingi bila kuipa jina, kwa kuchochea nyuzi na vikonyo vya mikungu chini ya pipa linalochemsha chikichi.

Fundi sabuni anajua nusu ya biodizeli

Njia ya mafuta ndiyo inayozua hadithi nyingi, kwa hiyo turudi kwenye ndege ya yule kijana. Habari ile ni ya kweli. Tarehe 28 Novemba 2023 ndege ya shirika la Virgin Atlantic iliruka kutoka London hadi New York bila tone la mafuta ya taa ya kawaida ya ndege. Sehemu kubwa ya mafuta yake ilitokana na mabaki ya mafuta na shahamu. Lakini hakuna aliyechukua dumu la mafuta ya chipsi akalimimina kwenye bawa. Mafuta yale yalipitishwa kwenye mitambo mikubwa, yakachakatwa kwa haidrojeni kwa joto na shinikizo kubwa, hadi yakatoka yakifanana na mafuta ya taa. Kazi hiyo haifanyiki uani.

Ipo njia ndogo zaidi, biodizeli, na ukitaka kuielewa nenda kwa mama anayetengeneza sabuni ya mawese. Mwangalie. Anapasha mawese, anapima kostiki, anaiyeyusha kwenye maji kwa tahadhari kwa sababu inaunguza, anamimina taratibu huku anakoroga upande mmoja. Kostiki inavunja mafuta, vipande vyake vinashikana na kostiki yenyewe vinakuwa sabuni, na pembeni inabaki gliserini. Sasa ondoa maji. Mahali pake weka methanoli, pombe ya viwandani yenye sumu, na kostiki iwe kidogo tu, ya kuchochea. Mafuta yanavunjika vilevile, lakini vipande vinashikana na methanoli. Kinachopatikana ni kimiminika chepesi kinachoweza kuendesha injini ya dizeli, na gliserini inabaki chini kama kwenye sabuni. Yule mama anafanya nusu ya kazi ya mhandisi wa biodizeli kila wiki. Na kosa linalowapata wengi wanaojaribu biodizeli linatokana na undugu huohuo: maji yakiingia kidogo tu, au mafuta yakiwa yamekaangiwa mara nyingi mno, badala ya nishati wanapata sabuni.

Hapa kuna dhana moja inayoharibu magari. Watu wanasema mbona Rudolf Diesel mwenyewe aliendesha injini kwa mafuta ya karanga? Kweli, kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini injini za leo zina pampu na nozeli zenye matundu membamba sana, na mafuta ya kupikia ni mazito. Mtu wa Kigoma hahitaji maabara kuliona hilo. Mawese yakilala kwenye chupa Manyovu, kwenye baridi ya milimani, asubuhi unayakuta yameganda kama samli. Fikiria hali hiyo ndani ya bomba la gari.

Kwa maoni yangu, mafuta yaliyotumika mjini kwetu hayatoshi kuanzisha kiwanda cha biodizeli, na methanoli si kitu cha kuingiza jikoni penye watoto. Mafuta yale yaende kwenye sabuni. Hatari kubwa zaidi kwetu ni yale yanayokusanywa, yanachujwa na kurudi sokoni kukaanga tena chakula cha watu.

Ndizi, kimea na hesabu ya kuni

Sukari nayo ina njia yake, na hii wapika rubisi wanaijua kuliko mimi. Ndizi zikiiva sana, zikakamuliwa, hamira iliyomo hewani na kwenye mtama unaochanganywa humo huila ile sukari na kuigeuza kuwa pombe na povu la kaboni. Muhogo na mahindi hayana sukari ya moja kwa moja, yana wanga, ndiyo maana mpishi wa pombe ya nafaka huanza na kimea: punje iliyochipua ina uwezo wa kukata wanga kuwa sukari. Pombe iliyotengwa na maji yake ndiyo ethanoli. Ni kitu kilekile, awe amekitengeneza bibi wa Buhigwe au kiwanda cha Brazil, nchi ambayo tangu mwaka 1975 iliamua kwa mpango wa taifa kuchanganya ethanoli ya miwa kwenye mafuta ya magari.

Basi kwa nini tusiyageuze mandizi yanayooza Kalinzi na maembe yanayojaa chini ya miti Ujiji kuwa nishati ya jiko? Tatizo ni kule kuitenga na maji. Hamira hufa kwa pombe yake yenyewe ikifika kiasi cha asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo sehemu kubwa ya ulichonacho bado ni maji. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, na tofauti hiyo ndiyo inayokuwezesha kuvitenga kwa kuchemsha na kupoza mvuke. Kuchemsha kunahitaji moto. Wapika gongo wanatumia kuni nyingi kupata chupa chache, tena kwa mpiko mmoja bado haijafikia ukali unaotakiwa kwenye jiko la ethanoli. Ukikata mti mzima ili upate lita chache za "nishati safi", hukuokoa chochote. Viwanda vya miwa vinaiweza hesabu hii kwa sababu vinachoma makapi ya miwa yenyewe. Sisi hapa hatuna makapi ya aina hiyo yaliyokaa mahali pamoja. Maembe yale afadhali yamenywe, yakaushwe, yaliwe.

Tumbo la ng'ombe lililojengwa kwa tofali

Sasa tufike kwenye chenye maji. Huko ndiko waliko maganda ya ndizi, maji ya kuoshea mchele, matumbo ya samaki, machicha ya pombe, maji machachu yanayotoka kwenye mashine za kumenya kahawa, na maji ya mawese ya mzee wetu.

Ng'ombe hameng'enyi nyasi kwa nguvu zake peke yake. Tumboni mwake wamo vijidudu wasiohesabika wanaoishi pasipo hewa ya oksijeni, na wao ndio wanaovunja nyasi. Katika kazi hiyo hutoa gesi, na ng'ombe huicheua. Mtambo wa bayogesi ni tumbo la namna hiyo, ila limejengwa kwa tofali na saruji chini ya ardhi, au limeshonwa kwa turubai la plastiki. Unaingiza taka na maji upande mmoja, zinakaa humo siku 30 hadi 40 bila hewa, gesi inapanda juu, na upande wa pili linatoka tope jeusi lisilonuka sana ambalo ni mbolea nzuri mno kwa migomba. Gesi hiyo zaidi ya nusu yake ni methani, inayowaka. Iliyobaki nyingi ni kabonidayoksaidi, isiyowaka, pamoja na chembe za gesi yenye harufu ya yai viza.

Kwa makadirio ya kawaida, kilo moja ya mabaki ya chakula hutoa bayogesi kiasi cha lita 100. Kilo moja ya samadi ya ng'ombe hutoa kama lita 40. Watu hushangaa samadi kuzidiwa, lakini fikiria kidogo: samadi ni chakula ambacho ng'ombe ameshakitoa nguvu yake ya kwanza. Jiko moja hula kama lita 300 hadi 400 kwa saa. Kwa hiyo mama lishe wa Mwanga anayekusanya kilo 10 za mabaki na maganda kwa siku anaweza kupata saa mbili na nusu za moto wa bluu usiotoa masizi. Maharage yanaiva, chai inachemka. Biashara nzima ya siku nzima, hapana. Anayemwahidi kwamba ataachana kabisa na mkaa kwa ndoo moja ya maganda anamdanganya.

Ukitaka kuona kwa macho yako, fanya jaribio hili. Tafuta dumu la lita 5. Weka samadi mbichi ya ng'ombe hadi robo, ongeza maganda ya ndizi yaliyokatwakatwa kiganja kimoja, jaza maji hadi robo tatu, tikisa. Funga mdomoni puto, lizungushie mpira wa baiskeli lisivuje, liweke dumu mahali penye joto. Nililiweka langu nyuma ya nyumba, kwenye bati. Siku ya tatu puto lilianza kusimama, na watoto wa jirani wakadhani gesi imeshaiva. Haikuwa imeiva. Gesi ya siku za mwanzo karibu yote ni kabonidayoksaidi, maana vijidudu wanaoanza kazi ni wale wanaochachusha. Wale wanaotengeneza methani huzaana polepole, na huchukua wiki mbili, tatu, hata nne kushika kazi. Wengi waliojengewa mitambo walifungua koki wiki ya kwanza, wakawasha kiberiti, hakikushika, wakasema wametapeliwa. Gesi ile ya kwanza unaiachia iende zake, unasubiri.

Na vijidudu hao wanavimbiwa. Nimeshuhudia mtambo wa shule moja ya bweni ukifa kwa sherehe. Baada ya mahafali walikuwa na masufuria ya pilau na wali uliobaki, mtu akaona ni busara kuumwaga wote mtamboni kwa siku moja. Ndani ya wiki moto ukawa unazimika, harufu ya uchachu ikatanda mpaka bwalo. Lililotokea ni lilelile linalompata ng'ombe akivunja ghala na kula mahindi mengi: wanaochachusha walipata karamu, wakatoa asidi nyingi kuliko wale wa methani wanavyoweza kuila, na asidi ikawaua. Tiba ilikuwepo. Ungeacha kulisha wiki moja au mbili, ukaweka samadi mbichi na chokaa kidogo, kisha ukaanza upya kwa kiasi kidogo kidogo. Hakuna aliyewaambia. Wakarudi kwenye kuni, na mtambo ukawa shimo la kutupia chupa. Inaniuma kila nikipita pale, kwa sababu fedha ilikwishatumika na tatizo lilikuwa maarifa ya dakika kumi.

Kuna hofu mbili ninazokutana nazo kila mara, na zote zinastahili jibu la heshima. Ya kwanza ni kwamba chakula kitanuka kinyesi. Gesi ikiwaka sawasawa haina harufu. Ukisikia harufu ya yai viza, kuna mahali panavuja, na harufu hiyo inakusaidia kujua. Ya pili ni mlipuko. Shinikizo ndani ya kuba la nyumbani halifiki hata sehemu ya kumi ya shinikizo la tairi la bodaboda lililojazwa vizuri, na methani ni nyepesi kuliko hewa, hupanda na kutoka dirishani, tofauti na gesi ya mtungi ambayo ni nzito na hujikusanya sakafuni. Lakini nyumba iliyofungwa yenye gesi inayovuja inaweza kuwaka, iwe gesi ipi. Na jambo hili nalisema kwa msisitizo: mtu asiingie kamwe ndani ya shimo la mtambo kulisafisha, hata likiwa wazi, hata kwa dakika moja. Humo hamna hewa ya kupumua, na ile gesi ya yai viza ikizidi huua pua kwanza isisikie harufu, kisha humwua mwenye pua.

Swali linalofuata huwa: kwa nini basi tusiijaze kwenye mitungi ya kilo 6 tukauza? Kwa sababu gesi ya mtungi ni aina nyingine. Ile ukiibana kidogo inakuwa maji, ndiyo maana ukitikisa mtungi unasikia inacheza. Methani, kwenye joto la kawaida, haikubali kuwa maji hata uibane vipi; bila kuibana, ni mpaka ipozwe hadi nyuzi 161 chini ya sifuri. Gesi ya Songosongo na Mtwara ni methani hiyohiyo, na ndiyo maana inasafiri kwa bomba, na magari ya Dar es Salaam yanayoitumia yanabeba mitungi minene mizito kwenye buti, yenye shinikizo mara 200 ya hewa ya kawaida. Bayogesi ya uani itumike uani.

Shimo la mzee

Nilimfuata mzee kule Simbo Jumamosi iliyofuata. Nilitaka kuona taka zake moja moja na mwenyewe wa kila taka. Nyuzi za chikichi: zinaingia motoni. Vikonyo vya mikungu: vinakaushwa, navyo vinaingia motoni, majivu yake yanakwenda shambani. Mise: inauzwa kwa wanaokamua mafuta ya sabuni, na mashudu yake yanaendelea kwa wafugaji. Maganda magumu ya mise yana wanunuzi. Kila kigumu pale kina mwenyewe. Kisicho na mwenyewe ni maji tu, ya rangi ya kahawia, ya moto, yenye mafuta juu, yanayopita kwenye mfereji hadi shimo lililo nyuma ya kibanda, na mvua kubwa ikija yanafurika kuelekea kwenye kijito.

Kwenye viwanda vikubwa vya Malaysia na Indonesia maji haya yamepimwa sana. Kila tani moja ya mawese huacha nyuma tani mbili na nusu hadi tatu za maji machafu, na kila mita moja ya ujazo ya maji hayo yakiozeshwa pasipo hewa hutoa kama mita 28 za ujazo za bayogesi. Piga hesabu: tani moja ya mawese ni madumu kama 55 ya lita 20. Maji machafu yanayobaki baada ya kupata madumu hayo 55 ya mawese yanaweza kutoa mita 70 za ujazo za gesi, yaani nishati inayokaribia mitungi miwili ya kilo 15, au joto la kuni kavu kilo 90 hivi. Kinu kidogo hakifanani na kiwanda, kinatumia maji kwa namna yake na kinaacha mafuta mengi zaidi ndani ya maji, kwa hiyo tarakimu zake zitapanda au kushuka. Lakini ukubwa wa jambo unaonekana.

Tena gesi hiyo haisubiri mtambo ili itoke. Shimo lenye kina ni tumbo tayari, halina tu kifuniko. Methani inapanda angani kila siku, na kwa kipindi cha miaka 100 kilo moja ya methani hupasha dunia joto kama kilo 28 za kabonidayoksaidi. Mtu anayeifunika na kuichoma anapata moto wa kupikia na kwa wakati huohuo anapunguza madhara. Sijui mahali pengine katika habari hii yote ambapo faida mbili zinakaa pamoja kwa wepesi huo.

Kazi haikosi masharti. Maji yale yapoe kwanza, maana yakiingia ya moto vijidudu wanaungua. Mafuta yaliyo juu yaenguliwe mpaka yaishe, kwa kuwa mafuta mengi huwafunika wakashindwa kula, na mafuta hayo ni fedha za mzee mwenyewe. Maji yenyewe yana uchachu, kwa hiyo mtambo uanze kwa samadi ya kutosha na maji yaongezwe kidogo kidogo wiki hadi wiki. Na kwa kuwa chikichi ina msimu wa kuzaa sana na msimu wa ukame, lazima kuwe na kitu kingine cha kulisha tumbo hilo miezi ya njaa: samadi, maganda ya ndizi, machicha. Wanaonunua mtambo waulize fundi mambo haya kabla ya kulipa, pamoja na swali la nani atarudi baada ya miezi mitatu gesi ikigoma.

Mzee alisikiliza yote, akanishukuru, lakini nilimwona hajaamini. Nikaomba ndoo. Tuliizamisha kwenye shimo ikajaa maji yale, tukaigeuza mdomo chini ikiwa bado ndani bila kuacha hewa iingie, tukaifunga kamba kwenye mti ikakaa imezama, kitako kikionekana kidogo tu juu ya tope. Nikamwambia nitarudi kesho.

Asubuhi nilimkuta ameshatangulia shimoni, amechuchumaa, mswaki mdomoni. Ndoo ilikuwa imenyanyuka zaidi ya nusu yake, inaelea, na pembeni mwa ukingo wake mapovu yalikuwa yakitoka moja moja, yanapasuka, yanatoka mengine. Aliibonyeza kwa kidole ikazama kidogo, akaiachia ikarudi juu.

"Yaani miaka yote hii," akasema, "lilikuwa linapumua?"